Mstari Uliokatwa Kabla ya Neno

Ukimuuliza Nukta anafanya kazi gani atakuangalia kwanza, akupime, kisha aseme, "Natengeneza sauti." Ukidhani anaimba, umepotea. Ukidhani anapiga kinanda umekaribia, ila kinanda chenyewe hakina mbao wala waya. Kinakaa ndani ya kompyuta, kwenye chumba cha nyuma cha studio iliyo juu ya duka la rangi, na umeme ukikatika huwa hakipo kabisa.

Kazi yake hasa ni kuchora mstari. Kila sauti ina namna yake ya kuzaliwa na ya kufa. Mlango ukibamizwa hulia ghafla ukanyamaza, kengele hugonga kwa nguvu kisha ikafifia taratibu. Vinanda vya zamani vilimpa fundi hatua nne tu za kupitisha sauti: ipande, ishuke kidogo, ikae, ife. Programu ya Nukta haikuwa na uchoyo huo. Ilimwekea mstari kwenye skrini, naye akaweza kubandika nukta popote apendapo, akavuta kila moja juu au chini kwa kipanya, akaupinda mstari kati ya nukta na nukta, na akitaka, akaiamuru sauti ikifika nukta ya saba irudi ya tatu, izunguke hapohapo mpaka wasikilizaji wapate kizunguzungu. Wenzake walibandika nukta tano wakaenda kunywa chai. Yeye alibandika thelathini na chai yake ikapoa. Ndipo wakamwita Nukta, na jina alilopewa na babake likabaki kwenye vyeti.

Babake alikuwa fundi wa funguo. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi: mashine ya kuchongea funguo, ubao wenye misumari ya kutundikia, kiti kimoja cha mteja na kingine cha kuwekea vitu. Mtaani walimjua kwa mambo mawili. Kwanza, hakuna kufuli iliyowahi kumshinda. Pili, alikuwa na kigugumizi.

Kigugumizi chake kilikuwa na mwendo wake, na aliyekizoea angekitambua hata kizani. Neno likikwama aligonga mara mbili, akanyamaza, akagonga mara tatu, ndipo likatoka zima. "Ba-ba... ba-ba-ba... bawaba." Kidole chake cha shahada kilikuwa kikigonga pajani kwa mwendo huohuo, kama vile anabisha hodi na neno liko ndani linavaa viatu. Alikuwa hivyo tangu utotoni, na hakuwahi kulalamika. Waliolalamika walikuwa wengine, kwa macho.

Nukta alipokuwa na miaka minane akawa mkalimani wa babake, kwa lugha ileile moja. Wakienda dukani, mzee akianza, "Ni-ni... ni-ni-ni..." mtoto anarukia, "Nipe misumari nusu kilo!" Kliniki vivyo hivyo, benki vivyo hivyo. Watu wazima wakamsifu. "Mtoto mwerevu huyu, anamsaidia babake." Nukta aliinamisha kichwa, wakadhani ni adabu. Alijua mwenyewe kwamba hakuwa akimsaidia mtu. Alikuwa akiona haya, haya ya kuchoma masikio, na alitaka lile neno liishe upesi kabla watu wa nyuma kwenye foleni hawajaanza kutazamana.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya Nukta aliijua Nukta peke yake. Alipokuwa darasa la tano shule iliita mkutano wa wazazi. Wanafunzi wangeruhusiwa kurudi nyumbani mchana, na kila mzazi angesimama ajitambulishe na aseme neno moja juu ya mwanawe. Mzee alipiga pasi shati lake la mikono mirefu siku mbili kabla. Jioni ya kuamkia mkutano Nukta akamwambia, bila kumtazama, kwamba umeahirishwa. Mzee akasema haya, akalitundika shati kwenye msumari. Siku ya pili mtoto alizurura sokoni mpaka jioni, aliporudi akalikuta shati palepale msumarini, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Alikua, akaoa, akapata kazi studio. Mwenye studio alikuwa mtu wa haraka, jina lake la kazi Chapchap, aliyekula amesimama na kujibu simu ambayo haijalia. Asubuhi moja aliingia chumba cha nyuma bila kubisha.

"Nukta, ndugu yangu. Redio wanataka kitu cha kuchekesha. Kile kipindi chao cha asubuhi cha maswali, unakijua? Mtu akipiga simu akashindwa kujibu, ilie sauti ya kumwambia amekwama. Sekunde mbili tu."

"Wanaitaka lini?"

"Jana."

Nukta alijaribu chura. Alijaribu tarumbeta linalozama majini. Alijaribu gari linalokataa kuwaka. Zote zilikuwa sauti nzuri na hakuna iliyochekesha. Karibu na adhuhuri kwenye simu yake ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa babake.

Mzee alipenda sana ujumbe wa sauti. Alikuwa ameugundua uzeeni na kuushikilia, kwa sababu simu haina haraka. Haimrukii mtu maneno, haitazami saa, haigeuki kumwangalia wa nyuma. Angeweza kusema alichotaka mpaka mwisho wake, na alikuwa akimtumia mwanawe jumbe ndefu juu ya mambo madogo, hali ya hewa, kufuli fulani ya kigeni, maumivu ya goti. Huu ulisema: "Mwanangu, ukipita dukani niletee ba-ba... ba-ba-ba... bawaba mbili za inchi tatu."

Hapo shetani akavuta kiti akakaa. Nukta aliuingiza ujumbe kwenye kompyuta, akalikata lile neno moja, akalitazama lilivyopanda na kushuka, kisha akachukua sauti nene ya pembe na kuichorea mstari kwa kufuata koo la babake. Nukta kumi na tisa. Mbili za juu, bonde, tatu za juu, halafu mteremko mrefu wa neno lenyewe likitoka. Akaisikiliza. Hakuna maneno tena, ni pembe tu, lakini mwendo ulikuwa wa mzee mtupu. Ilichukua sekunde tatu na nusu. Redio walitaka mbili. Basi akazichagua zile nukta nane za mwisho, pale neno linapotoka, akazifuta kwa kidole kimoja. Mstari ukafika nukta ya kumi na moja ukaanguka chini wima, kimya.

Akacheka. Alicheka peke yake, mlango umefungwa, kabla Chapchap hajasikia chochote, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote baadaye.

Chapchap alicheka mpaka akakaa chini, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Redio wakapiga simu kushukuru. Na wiki ya pili mji mzima ulikuwa umekwama. Mwanafunzi akishindwa hesabu, darasa zima linamlilia kwa mdomo: bu-bu, bu-bu-bu, kimya! Mchezaji akikosa goli, uwanja unalia. Karani akitafuta faili asilione, wenzake wanamlilia. Nukta alisikia kazi yake ikipita dirishani midomoni mwa watu wasiomjua, na siku za kwanza alivimba kichwa. Mtengeneza sauti huishi akisikilizwa bila kujulikana. Hii angalau ilijulikana.

Jumapili ya wiki ya nne alikwenda kwa wazazi wake. Mamake, mwanamke wa maneno, alimpokea na sahani moja mkononi na lawama mbili mdomoni.

"Mtu wa sauti umekuja! Hebu niambie, hicho kilio cha redioni nani kakitengeneza? Babako siku hizi hafungui kibanda mpaka kipindi kiishe. Anakaa hapo, sikio kwenye redio. Nimemwambia, mume wangu, umepata mke wa pili hewani?"

"Kuna kampuni," Nukta akasema. "Ya mbali."

Uongo ulitoka laini, bila kukwama hata kidogo. Babake alikuwa upande wa pili wa meza na kikombe chake. Alimtazama mwanawe, kisha kidole chake kikagonga meza mara mbili, kikatulia, kikagonga mara tatu, halafu akalaza kiganja chote juu ya kitambaa, taratibu. Nukta akageukia dirisha. Alijiambia mzee anachezea meza tu.

Wakati wa kuondoka mamake akampa miwani ya babake, ile ya kusomea, mkono wake mmoja umelegea. "Mpelekee fundi aitie skrubu. Bila hiyo babako hachongi funguo ndogo."

Alhamisi mchana miwani ikawa tayari, na Nukta akaipeleka kibandani mwenyewe. Mbele ya kibanda palikuwa na watu wanne. Dereva mmoja, jitu la kifua, alikuwa ameshika kufuli iliyovunjikiwa ufunguo ndani.

"Mzee, itachukua muda gani?"

"Da-da... da-da-da..."

"Bu-bu, bu-bu-bu!" dereva akalia, akajipitishia kidole shingoni na kumwigiza mtangazaji. "Umeshindwa, mzee! Twende mpigaji mwingine!"

Foleni ikaangua kicheko. Haikuwa na ubaya, watu walicheka kama wanavyocheka kila asubuhi. Na mzee pia akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, akasubiri watulie. Hawakutulia. Kisha akamaliza, "...dakika kumi," kwa sauti ya chini, wakati hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena.

Nukta alikuwa amesimama nyuma ya rundo la mabati ya duka la jirani, miwani mfukoni. Alihisi uso umepata moto mpaka kwenye shingo. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa wa kwake ndiye aliyekuwa akila peke yake, mbele za watu, na juu ya hayo akicheka. Mwanamume mwingine angetoka nyuma ya mabati akamshika dereva yule ukosi. Mwingine angetoka tu akatoa miwani na kusema shikamoo baba. Nukta aligeuka akarudi alikotoka, miwani ingali mfukoni.

Alasiri hiyohiyo alimfuata Chapchap.

"Bosi, ile sauti tuwaambie redio waitoe. Nitawapa nyingine."

"Kwa nini? Watu wanaipenda!"

"Haijakaa sawa."

"Nukta, wewe hata kengele ya mlango kwako haijakaa sawa. Nipe sababu ya kuwaambia."

Sababu ilikuwepo, fupi, ya maneno manne: ni sauti ya baba. Ilipanda ikafika kwenye ulimi. Na hapo, akiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, Nukta aligundua kwamba hataki Chapchap ajue babake ana kigugumizi. Miaka yote ile, ile aibu ya foleni ilikuwa palepale, haijazeeka hata siku moja. Akasema, "Basi, achana nayo," akarudi chumba cha nyuma na kukaa mbele ya skrini bila kuigusa. Alijidharau vibaya sana.

Ijumaa miwani ililala mfukoni. Alijiambia ana kazi nyingi. Kibandani mzee aliwarudisha wateja wenye funguo ndogo, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno ambayo yalimchukua muda kuyasema.

Jumamosi saa nne asubuhi Nukta alitazama kupitia kioo kinachotenganisha chumba chake na mapokezi, akamwona mtu amesimama mbele ya meza ya Chapchap, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Karibu, mzee. Nikusaidie nini?"

"Na-na... na-na-na... namtafuta mwanangu."

Chapchap alikuwa ameshafungua mdomo acheke. Kicheko kikafika nusu kikafa. Mtu aliyeishi na ile sauti kwa wiki tano hakuhitaji kuambiwa. Aligeuka polepole, yeye asiyefanya jambo polepole, akamtazama Nukta kupitia kioo. Kwa hiyo siri ilikwisha, na hata hakupewa nafasi ya kuisema mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee aliingia, akatazama spika, nyaya, kiti. Akakaa. "Ni-ni... ni-ni-ni..."

"Nikuletee chai?" Nukta akarukia.

Mzee akainua kiganja. Akasubiri kidogo, kisha akaanza neno upya tangu mwanzo, kama mtu aliyesukumwa nje ya foleni anayerudi mahali pake. "Ni-ni... ni-ni-ni... nionyeshe."

Nukta hakuuliza amwonyeshe nini. Aliifungua. Mstari ukatokea kwenye skrini, vilima viwili, bonde, vilima vitatu, kisha ukuta. Mzee akasogeza uso, akakunja macho.

"Sioni vizuri. Miwani."

Nukta akaitoa mfukoni akampa.

"Alhamisi nilikuona," mzee akasema akiivaa. "Nyu-nyu... nyu-nyu-nyu... nyuma ya mabati."

Aliinama mbele ya skrini na kuusoma mstari kwa kidole, bila kuugusa, toka kushoto kwenda kulia, akisimama kwenye kila nukta. Hivyo ndivyo alivyosoma funguo maisha yake yote, jino kwa jino, kabla ya kuwasha mashine.

"Meno ni yangu," akasema. "Umechonga vizuri. Tangu siku ya kwanza redioni niliyajua." Kidole kilifika nukta ya kumi na moja kikasimama. "Ha-ha... ha-ha-ha... hapa umefanya nini?"

"Nilikata, baba. Ilikuwa ndefu."

"Umekata meno mangapi?"

"Nane."

Mzee aliitikia kwa kichwa kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alipoanza kusema alikwama kwenye karibu kila neno, na kila mara akagonga pajani, mbili, kimya, tatu, na kila neno likatoka.

"Ufunguo ukiukata kabla ya ncha, unaingia lakini haufungui. Sikukasirika umenichora. Nacheka hata mimi nikijisikia. Lakini mimi huwa namaliza. Nina miaka sitini na saba, sijaacha neno hata moja njiani. Watu hawajui hilo, sawa. Wewe unajua. Wewe ndiye ulikuwa ukinikatiza."

Nukta akafungua mdomo. Alikuwa na neno la kusema, lilikuwa neno rahisi ambalo watoto hufundishwa kabla hawajajua kuhesabu, na halikutoka. "Baba," akasema, kisha hakuna. "Baba, ni..." kisha hakuna tena. Mlangoni Chapchap alikuwa amesimama na vikombe viwili vya chai, hajui aingie au arudi.

Mzee hakumsaidia. Hakumrukia, hakumtazama Chapchap, hakutazama saa. Alikaa mikono juu ya magoti na kumsubiri mwanawe, na ilionekana wazi angeweza kusubiri mpaka jioni.

"Nilikuonea aibu," Nukta akasema hatimaye. Chapchap alisikia, na asikie. "Toka mdogo. Dukani, benki, kila mahali. Ule mkutano wa shule, baba, haukuahirishwa. Nilikudanganya. Nilikuona unapiga pasi shati na bado nikakudanganya."

"Na-na... na-na-na... najua," mzee akasema. "Nilikwenda."

Nukta akamtazama.

"Nilikwenda na fulana ya kazi, ili ukirudi ulikute shati msumarini. Nilisimama. Nilisema mwanangu ana masikio kuliko watoto wote wa mtaa huu. Ilichukua muda." Akagonga pajani, mara moja tu. "Walinisubiri."

Miaka ishirini na minane alikuwa amekaa na hilo, na hakuwahi kulitoa, wala kwa hasira wala kwa mzaha. Nukta alitamani sakafu ya studio ipasuke aangukie kwenye makopo ya rangi. Alifunika uso kwa viganja, na alipoondoa viganja babake alikuwa palepale, amesogeza kiti karibu na skrini.

"Haya," mzee akasema. "Rudisha meno yangu."

Nukta akashika kipanya. Nukta ya kumi na mbili aliiweka vibaya, akaifuta, akaiweka tena.